Kamera mbili, sensa saizi moja: kuzunguka Nairobi na ya zamani begani, mpya mfukoni

Jumatatu, katikati ya jiji

Ya kwanza ni Canon EOS 1100D, iliyotangazwa Februari 2011. Hii ni yangu, na maandishi ya vitufe vyake yameanza kufutika. Ya pili ni Canon PowerShot G1 X Mark III, iliyotoka mwishoni mwa 2017 kwa bei ya dola 1,299 huko Marekani. Hiyo ni ya shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja likizo kutoka Uholanzi na anataka kuiuza kabla hajapanda ndege. Ameniachia niijaribu. Njaanuari si mwezi wa mtu kununua kamera, lakini kujaribu hakulipiwi.

Nilikubali kwa sababu moja. Ukiziweka hizi kamera pamoja, yeyote atakwambia ile kubwa ndiyo ya kazi na ile ndogo ni ya watalii. Lakini ndani yake sensa zina ukubwa uleule, APS-C, takriban milimita 22 kwa 15. Eneo linalopokea mwanga ni sawa. Ya zamani ina megapikseli 12.2, mpya ina 24.2. Basi nilitaka kuona hayo mengine yote, yaani lenzi, mwili, betri na umri, yanaifanyia nini sensa ya saizi moja.

Nimeteremka Railways asubuhi, 1100D begani na G1 X katika mfuko wa koti. Ya begani, ikiwa na lenzi yake ya 18-55, inakaribia gramu 700. Ya mfukoni ni gramu 399, betri na kadi ndani. Hadi kufika juu ya Moi Avenue bega lilikuwa limeshajua tofauti.

Kwenye kona moja yenye benki niliinua 1100D nipige foleni ya matatu. Sekunde hazikupita, bawabu alikuwa mbele yangu. “Boss, hapa hakuna kupiga picha. Uko na kibali?” Nikamwambia napiga barabara, si benki. “Hata barabara.” Nikaishusha, nikaenda kunywa chai. Nilipotoka nikapita palepale na ile ndogo mkononi, nikapiga foleni ileile. Bawabu alinitazama, akarudi kwenye simu yake. Tangu lini usalama wa benki ukategemea ukubwa wa kamera, sijui, lakini yeyote anayepiga picha mjini humu analijua jambo hili.

Pale KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, mambo yakageuka. Jengo lile, lililofunguliwa 1973 likiwa na orofa 28, ni refu mno kwa lenzi ya kawaida ukiwa umesimama uani. 1100D kwa upande wake mpana inaona kama lenzi ya milimita 29 katika hesabu za filamu. G1 X inaona kama 24, na milimita zikipungua ndivyo kamera inavyoona upana zaidi. Kwa maandishi ni milimita tano tu. Uani pale ni ama mnara wote uingie pamoja na ukumbi wa mviringo ulio kando yake, ama urudi nyuma mpaka barabarani.

Nilipokuwa nabadilisha kamera, mzee mmoja wa hao wapiga picha wa papo kwa papo alinisogelea. Ana DSLR (kamera ya kioo, ya lenzi za kubadilisha, kama 1100D) iliyozeeka kuliko yangu na kizibao cha rangi ya kijani. Akaishika G1 X, akaigeuzageuza, akanirudishia.

“Kijana wangu, mteja atakulipaje na kitu kama hiki?”

“Picha zake ni safi, mzee.”

“Sijasema ni chafu. Nasema atakuuliza kwa nini asitumie simu yake.”

Jumanne, Kamukunji na Gikomba

Hii ndiyo siku niliyoingoja. Januari, Kamukunji inagongwa kutoka alfajiri: mafundi wa jua kali wanaunda masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni, na kelele zake ni za kuziba masikio. Mlio wa kioo cha 1100D kikiruka na kurudi, ule ninaouogopa kanisani, pale haukuwa na maana yoyote.

Fundi hukaa chini. Anagonga bati lililolala kati ya miguu yake, na picha nzuri iko chini kabisa, usawa wa nyundo. Skrini ya 1100D haichezi, imeganda mgongoni mwa kamera, na ina nukta 230,000 tu. Juani haionyeshi kitu. Ili nipate picha ile ilibidi nipige magoti kwenye vumbi na vipande vya bati, jicho kwenye tundu la kutazamia. Tundu lenyewe linaonyesha asilimia 95 ya kile kitakachoingia kwenye picha. Asilimia tano zilizobaki ndimo mguu wa mpita njia na chupa ya soda hujipenyezea. Ile ndogo nilifungua skrini yake kando, nikainama kidogo, nikagusa uso wa fundi kwa kidole, ikashika fokasi hapo hapo. Fundi hakuacha kugonga.

Kisha nikavuka kwenda Gikomba. Wachuuzi wanapaza sauti, “kamera, kamera!”, yaani nguo za daraja la kwanza zilizotolewa robotani kabla ya nyingine, na mimi nimebeba mbili zisizouzwa hapo. Niliomba ruhusa kwa mama mmoja anayeuza sweta za watoto. Akakubali, kwa sharti nimpelekee picha.

Nilipoinua 1100D alinyoosha mgongo. Akarekebisha kilemba, akaweka mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya rundo la sweta, akanitazama bila kupepesa. Majirani wakaanza: “Ni wa televisheni?” “Unatupiga utupeleke wapi?” Nikapiga chache, nikashukuru, nikaiweka begani. Baadaye nikatoa ile ndogo, nikamwonyesha kwamba naendelea, akatikisa kichwa kukubali na kurudi kazini. Shata ya G1 X, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, iko ndani ya lenzi, inajifungua na kujifunga kama petali, na mlio wake haumfikii hata mtu aliye hatua mbili mbele yako. Nikampata akinusa sweta moja, akiinyoosha juani kutafuta matundu, akicheka na mteja anayetaka kupunguziwa.

Kwangu mimi hizo ndizo picha za siku. Nilipomwonyesha zote, akazipita hizo za mwisho haraka haraka, akasimama kwenye ile ya 1100D, ya mkono kiunoni.

“Hii ndiyo unitumie. Hizi nyingine mbona niko kazini tu?”

Nikaitafakari kauli hiyo njia nzima. Ile kubwa ilimwambia kuna jambo linafanyika, naye akajiandaa kwa jambo hilo. Ile ndogo haikumwambia chochote. Sensa saizi moja, mama yuleyule, na picha za aina mbili.

Na hapo kuna kituko: picha aliyoitaka ndiyo sikuweza kumtumia. 1100D haina Wi-Fi. Ni mpaka nifike nyumbani nitoe kadi. Zile asizozitaka zingefika kwenye simu yake kabla sijavuka barabara.

Jumatano, kwa fundi

Siku fupi. Nilipita kwa fundi wa kamera karibu na Luthuli Avenue kusafishiwa sensa ya 1100D. Kamera hii haina ule utaratibu wa kujitikisa vumbi, na kila ukibadilisha lenzi Nairobi ya Januari unaikaribisha barabara ya murramu ndani. Madoa huonekana angani, kwenye samawati, ukifunga tundu la lenzi kufika f/11 na kuendelea (namba ya f ikikua, tundu linabana zaidi).

Nikamuuliza kuhusu ile ndogo. Ina vizuizi vya vumbi na matone ya maji, na lenzi haitoki, kwa hiyo vumbi halina mlango mpana. Akakubali, kisha akaongeza lake: kwa ile kubwa, lenzi ikifa unanunua lenzi nyingine, mwili ukifa lenzi zinabaki. Kwa ile ndogo, lenzi ikikwama imetoka nusu, umebaki na betri na mkanda. Hakusema kwa chuki. Alisema huku anapuliza sensa.

Alhamisi, jioni, matatu za 58

Nairobi iko karibu na ikweta, jua halichelewi kuondoka. Karibu saa moja kasoro robo linazama, na saa moja ikipita kidogo giza limeshika. Huo muda mfupi ndio nganya za Buruburu, yaani matatu zilizopambwa za njia ya 58, hupendeza zaidi: anga bado ina samawati, na taa za ndani za zambarau na kijani zimeshawashwa. Nilikuwa steji mapema na kamera zote mbili.

Hapa ndipo hesabu za lenzi zinauma, kwa hiyo nitakaa kidogo.

G1 X ikiwa pana kabisa inafungua tundu hadi f/2.8. 1100D na lenzi yake ya 18-55 inafungua f/3.5. Mpya inapokea mwanga zaidi, na kwa kuwa sensa yake ni ya kizazi kipya, nikiipeleka ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 6400 chengachenga zake zinavumilika. Kwa ile ya zamani 6400 ndiyo mwisho wa ngazi, na picha ya hapo inafaa kuwatisha watoto. Fokasi nayo: 1100D ina pointi tisa, na ni ile ya katikati tu ninayoiamini gizani, hizo za pembeni hutafutatafuta mpaka gari liondoke. G1 X inatumia pikseli za sensa yenyewe kupima umbali, eneo kubwa la fremu, na ilimshika makanga aliyekuwa ananing’inia mlangoni matatu ikiwa mwendoni. Picha hiyo nisingeipata na ya kwangu. Naandika hivyo bila kinyongo.

Lakini vuta zumu. G1 X ikifika mwisho wa zumu, sawa na milimita 72, tundu lake limeshapungua hadi f/5.6. Huo ndio urefu mzuri wa kupiga uso wa mtu. Na mimi ndani ya mkoba nina lenzi ya 50mm f/1.8, ndogo, ya plastiki, miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, ambayo kwenye 1100D inakuwa sawa na 80. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Mara kumi! Mahali ambapo G1 X ilihitaji ISO 6400, 1100D ilitosheka na 640 hivi. Hakuna uchanga wa sensa unaoziba pengo la namna hiyo.

Dereva mmoja alikuwa amekaa kwenye usukani anangoja gari lijae, taa ya zambarau shavuni. Nikamwomba.

“Piga, mkuu, lakini namba ya gari isionekane.”

Nikampiga na zote mbili. Ya 1100D na ile 50: jicho limekaa sawa, shavu laini, na nyuma yake taa za Tom Mboya Street zimegeuka mipira ya rangi. Ya G1 X: kila kitu kinaonekana, pamoja na stika zote za dirishani, na ngozi imekuwa na punje. Ukitaka kueleza kulikuwa na nini pale steji, ya pili. Ukitaka dereva, ya kwanza.

Njiani kurudi betri ya G1 X ikakata. Kipimo cha kiwandani ni picha 200 kwa chaji. Cha 1100D ni kama 700, kwa sababu tundu lake la vioo halili umeme ukiwa unatazama tu. Mimi ni mtu wa kutazama sana kabla ya kubonyeza, kwa hiyo hizo 200 sikuzifikia.

Ijumaa, mbugani

Rafiki yangu mwenye gari alikuwa anawapeleka wageni Mbuga ya Nairobi, akanipa kiti cha nyuma. Mbuga hii ilitangazwa 1946, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 117, na siku hizi reli ya SGR inaipita juu ya nguzo.

Hapa hakukuwa na mashindano. Picha ambayo kila mmoja anaitaka ni twiga au kifaru mbele, na majengo ya jiji nyuma. Ili majengo yaonekane makubwa lazima ukae mbali na mnyama, kisha uvute kwa lenzi ndefu. Nina ile ya 55-250 ya mitumba, ambayo kwenye 1100D inafika sawa na 400. G1 X inaishia 72. Wageni wa kiti cha mbele walisema, si utakata tu baadaye, megapikseli 24 ni nyingi. Nikawafanyia hesabu garini: ukikata picha ya 72 mpaka ilingane na ya 400, kwenye zile megapikseli 24 unabaki na pungufu ya moja. Hata simu za zamani za megapikseli mbili zilikuwa na zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo nilimpiga kifaru na ya zamani. Inapiga picha tatu kwa sekunde, polepole, lakini kifaru aliyekuwa anakula hakuwa na haraka. G1 X niliitumia kwa mandhari pale mnara wa kumbukumbu, Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na kwa video. Video ya 1100D ni ya 720 na haifuati fokasi yenyewe. Ya G1 X ni 1080, fremu 60 kwa sekunde, na inamfuata mnyama bila kuambiwa. Mnyama awe karibu, basi.

Jumamosi, harusi Karen

Kazi ya kulipwa, binti wa jirani. Mzee wa KICC alikuwa akilini mwangu, nikaingia na 1100D shingoni ili nionekane nimekuja kazini, na G1 X mfukoni.

Saa sita mchana, jua wima, maharusi na wasimamizi bustanini, wanaume wamevaa kofia. Kila mpiga picha wa kwetu anaijua shida hii: ngozi nyeusi chini ya ukingo wa kofia, gauni jeupe kando, anga inawaka nyuma. Ukifuata uso, gauni linateketea. Ukifuata gauni, bwana harusi anabaki meno. Dawa ni flashi ya kujazia. Sasa 1100D, kwa flashi yake ya juu, haiwezi kupita kasi ya 1/200 ya sekunde. Kwa jua lile 1/200 inakulazimisha ufunge tundu hadi f/11, na kwa f/11 flashi ndogo kama hiyo haifiki popote, tena kila jani la nyuma linaonekana kama limechongwa. Flashi kubwa ya nje ingenitoa, ila sina.

Nikachomoa ile ndogo mbele ya wazee. Kwa sababu shata yake iko ndani ya lenzi, flashi inaenda nayo hadi 1/2000. Nikaweka 1/800, f/5.6. Mwanga wa jua umepimwa uleule, lakini tundu sasa linaruhusu mara nne ya flashi kuingia. Nyuso zikatoka chini ya kofia, gauni likabaki na mikunjo yake. Mjomba wa bi harusi alikuwa nyuma yangu.

“Mpiga picha, hiyo kubwa imeharibika?”

“Hapana mzee, hii ni ya jua.”

“Ya jua.” Akamgeukia mwenzake kumweleza kwamba siku hizi kuna kamera ya jua. Nikamwacha.

Ndani ya hema, wakati wa hotuba na keki, nikarudi kwenye 1100D na 50. Nyuso, mikono, machozi ya mama. Hapo sikuitamani nyingine.

Jumapili, nyumbani, kompyutani

Nimefungua faili ghafi za pande zote. Nikiinua vivuli kwenye faili za 1100D, zile pembe nyeusi za hema zinatoa chengachenga zenye mistari. Za G1 X nimeinua zaidi na bado kuna rangi ya kitambaa mle gizani. Miaka sita ya uhandisi iko hapo, wazi. Mwangani, kwenye picha zilizopimwa vizuri, mke wangu hakuweza kuzitenganisha, na yeye ana jicho kali kuliko langu.

Megapikseli sikuzihesabu kabisa. Faili ya 12.2 inatoa chapa ya sentimita 36 kwa 24 bila kunyoosha kitu. Wateja wangu wote hutaka ya inchi tano kwa saba, au ya kuweka WhatsApp.

Jioni nimempigia shemeji. Nimemwambia siinunui kwa hiyo bei. Harusi na nyuso ndizo zinazonilisha, na kwa kazi hizo lenzi yangu ya plastiki inaishinda. Pesa nikizipata zitakwenda kwenye flashi ya nje, ambayo itanimalizia ile shida ya bustanini. Nimemwambia pia kwamba picha nzuri zaidi nilizopiga wiki hii, za Gikomba na ya makanga, zimetoka kwenye kamera yake, na kwamba yeye, mwenye watoto wawili wanaokimbia na safari kila likizo, ana wazimu kuiuza.

“Shemeji, nilikupa uinunue, sasa unanishauri nisiuze?”

“Umeniuliza, nami nimekujibu.”

“Basi nitaondoka nayo.”

“Ondoka nayo. Lakini nunua betri ya pili, hii moja haikutoshi hata airport.”